Jikoni kwa Marehemu

Mimi na jiko hatujawahi kuelewana. Nikiwaambia watu hivyo hucheka, wanadhani natania, mpaka waonje. Kazini kwangu, duka la miwani, nasaga lenzi isizidi wala isipungue hata unywele, na wateja wananisifia mkono. Lakini nipe kitunguu uone. Nitakikata kama ninayegombana nacho, na mwisho wa ugomvi anayelia ni mimi.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo alikuwa anafanya nini Jumapili asubuhi, mbele ya kuku mzima, jikoni kwa marehemu rafiki yake?

Nilikuwa natafuta ndoa. Acha niseme hivyo hivyo, ingawa naona haya.

Jiko lile lilikuwa la Kasuku. Jina lake la vyeti halikutumiwa na mtu. Sote tulimwita Kasuku kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa anaongea akila, akivaa, akipiga mswaki. Kila mwisho wa wiki nilikuwa namkuta hapo amejifunga aproni, nami nakaa kwenye stuli kando ya friji, yeye anapika huku akinipa habari za dunia nzima. Sikumenya hata karoti. Ndipo akanibandika jina la Shahidi. "Kazi yako humu ni kuona tu," alikuwa akisema, "siku wakiniuliza nani alipika, utanitolea ushahidi."

Alikufa mwaka juzi. Maradhi yalimla polepole, nami nilikuwa naye mpaka pumzi ya mwisho. Mumewe alikuwa upande wa pili wa kitanda.

Mumewe ni fundi bomba, na wote tunamwita Fundi. Baada ya mazishi hakuna mtu aliyetaka kumsikiliza akimtaja mkewe. Watu walimwambia jikaze, wewe ni mwanaume. Mimi nami waliniambia rafiki si ndugu, utazoea. Basi tukawa tunakutana sisi wawili kumlilia. Tukamlilia mwaka mzima. Halafu siku moja tukashtuka kumbe tunakutana bila kulia.

Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Nampenda mpaka naogopa, na kila ninapompenda nahisi kuna mtu namdhulumu, mtu ambaye hayupo kunigombeza. Nikipanda ngazi za nyumba ile, majirani wananiitikia salamu vizuri kabisa, na nikishapita nawasikia, "Ndio wale, kikulacho ki nguoni mwako." Sikuwahi kugeuka kuwajibu. Ningewajibu nini?

Fundi hana mama. Aliyemlea tangu siku ya harusi yake ni mama mkwe, mama yake Kasuku, na hata baada ya msiba bibi yule anamwita mwanangu. Fundi alipomwambia kwamba anataka kunioa, Mama alimwambia kwenye simu, "Nitakuja kula Jumapili. Nitasema neno langu nikishamwona humo ndani." Fundi akaniambia bila kunificha, "Mama akisema hapana, mimi sitaweza." Nami nikamjibu, "Mama akisema hapana, hata wewe ukiweza, mimi sitakubali." Kwa hiyo yote yalikuwa juu ya chakula kile.

Fundi alitaka tununue. "Hoteli ziko tele," aliniambia. "Tumpe chakula cha watu wanaojua, tukae kwa amani."

"Hapana. Nitampikia kuku wa Kasuku."

Alinitazama kama niliyesema nitampasua mtu tumbo. Kuku wa Kasuku ni kuku mzima, anajazwa wali, zabibu kavu, mdalasini na vitunguu vya kukaanga, anashonwa kwa uzi, anaokwa, kisha anamwagiwa mchuzi mzito wa vitunguu vilevile. Wapishi wenye vyeti wanamwogopa.

"Kwa nini huyo?" akauliza.

"Nataka Mama ajue sijamsahau mwanawe."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Ukweli mwingine, ule uliokuwa chini, ni kwamba nilitaka kumlipa Kasuku. Nimemchukulia mume, nilidhani nikimpikia mama yake vizuri, kwa mikono yangu hii mibovu, deni litapungua.

Basi nikaingia jikoni asubuhi. Aproni yake bado ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Sikuigusa. Nilipika na gauni langu jipya la kijani, na kabla kuku hajaingia kwenye oveni lilikuwa limeshapata mafuta kifuani, mviringo mzuri kabisa kama nishani.

Sikuwa na maelekezo yoyote. Kasuku hakuwahi kuandika kitu wala kupima kitu. Nilichokuwa nacho ni sauti yake kichwani, na sauti yake haikuwahi kusema "chukua vijiko viwili." Ilikuwa ikisema umbea. Kwa hiyo nilipika kwa umbea. Chumvi ilikuwa inaingia pale anaposimulia bosi wake alivyovaa soksi mbili tofauti kwenye mkutano. Zabibu zilikuwa zinaingia kwenye habari za binamu aliyekimbia harusi yake mwenyewe, na mdalasini pale binamu anaporudi kuchukua zawadi. Nilisimama peke yangu mbele ya jiko nikijisimulia visa vya watu, midomo ikinicheza, na kila kisa kilipofika mahali pake nikatia kitu. Jirani angechungulia angesema nimerukwa na akili.

Vitunguu ndivyo nilivyovikumbuka kuliko vyote. Kasuku alikuwa akivitia kwenye mafuta, anageuka kunitazama, anaweka mkono kiunoni, na hapo ndipo habari kubwa ya siku inapotoka. Vitunguu vinakuwa rangi ya dhahabu, anaongea. Vinakuwa kahawia, anaongea. Vinatoa moshi, ndipo anapiga kelele, "Haya, tayari!" na kuviepua. Kwa hiyo nami nikavitia, nikavisubiri. Vikawa vya dhahabu, nikavisubiri. Vikawa kahawia. Vikaanza kutoa moshi mchungu, macho yakaniwasha, nikasema peke yangu, "Vumilia, bado kidogo."

Fundi akatokea mlangoni ameshika shati alilokuwa anapiga pasi. "Vitunguu vina..."



"Najua," nikamwambia bila kugeuka. "Ndivyo vinavyotakiwa. Acha nimalize."

Nilipogeuka nilimkuta ameegemea fremu ya mlango, shati limemwangukia miguuni, ananitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona. Yalikuwa yamelowa, tena yalikuwa matamu. Nikajisemea, mwanamke we, unapendwa.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu," akasema. "Endelea."

Wageni walifika mchana. Mama alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, na bado anamtazama mtu kama anayetafuta mahali panapouma. Alikuja na mdogo wake, yule waliyemwita Mama Mdogo, mwembamba, mkoba umebanwa kwapani. Nikawaamkia kwa heshima zote.

"Marahaba," Mama akaitikia, akanishika mkono, akaugeuza. Vidole vitatu vilikuwa na plasta. "Umeumia?"

"Kitunguu, Mama."

"Kitunguu kimekuuma?"

Fundi akacheka peke yake. Mama Mdogo alikuwa ameshaketi, anaangalia kuta. Picha ya Kasuku ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, nilikataa iondolewe.

"Afadhali picha mmeibakiza," Mama Mdogo akasema. "Nilidhani nitakuta pametiwa rangi."

"Mdogo wangu," Mama akasema.

"Nimesema afadhali. Kusifia nako ni kosa?"

Nikaleta chakula. Kuku wangu alikuwa amelala sahaniani kwa upande, mguu mmoja umeinuka kama anayeomba ruhusa ya kutoka, na ule ushonaji wangu ulikuwa umefumuka, wali unachungulia. Lakini alikuwa ameiva, na harufu ilijaa chumba kizima. Fundi akamkata. Nikampakulia Mama mwenyewe, nikamwagia mchuzi, nikakaa mbele yake nikiwa nimeshika kitambaa cha meza kwa mikono miwili chini huko wasikoona.

Mama akala kijiko kimoja. Akatafuna polepole, akaacha kutafuna.

Akaweka kijiko chini.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alikuwa ametazama sahani, uso umembadilika, mkono mmoja umeziba mdomo. Mama Mdogo naye akaonja haraka, kama askari anayekagua, akamtazama dada yake, kisha akanigeukia mimi.

"Hata mapishi yake?" akasema. "Nyumba umeingia, mume umempata, hukushiba, ukaona uchukue na ladha ya mkono wake? Wahenga hawakukosea. Kufa kufaana."

"Mama Mdogo, tafadhali," Fundi akasema.

"Tafadhali nini? Nimesema uongo?"

Mtu akikutukana kwa jambo ambalo umejitukana nalo usiku na mchana, unakosa hata pa kumjibu. Nilichoweza ni kuinamisha kichwa.

"Nyamazeni," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wewe binti. Nani kakwambia uunguze vitunguu?"

"Samahani?"

"Vitunguu hivi vimeungua. Nani kakwambia uviunguze?"

"Mama, ndivyo... ndivyo anavyopikwa. Yeye alikuwa anasubiri mpaka vitoe moshi. Nimemwona kila mwisho wa wiki."

Mama akatikisa kichwa. "Kuku huyu nilimfundisha mimi, nami nilifundishwa na mama yangu. Vitunguu vinaepuliwa vikiwa vya dhahabu. Mwanangu alikuwa anaviunguza kwa sababu ya mdomo. Maisha yake yote nilimgombeza. 'Funga mdomo ufungue macho!' Hakuwahi, hata siku moja, hata siku aliyowapikia ndugu wa mumewe." Chozi likamtoka, hakulifuta. "Nilidhani sitakula tena vitunguu vibaya namna hii."

Nikainua macho kumtazama Fundi, nikamkuta amekwepesha yake. Hapo nikaelewa. Aliposimama mlangoni asubuhi ile, alijua. Alikula kuku yule miaka saba, alijua fika vitunguu vinaungua, akaniacha.

Nikainuka, nikasema naleta maji, nikaenda jikoni. Akanifuata.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ukaniacha niharibu chakula mbele ya Mama?"

"Sikuwa nafikiria chakula." Alikuwa ameshika ukingo wa sinki, ananong'ona. "Nilikuwa napiga pasi, nikasikia harufu ile, miguu ikanileta yenyewe. Nikasimama pale mlangoni. Nikaona mgongo wa mtu, na moshi, na mtu anajisemesha peke yake... Nilitaka iendelee. Dakika moja tu, niliona kama bado yupo. Nisamehe."

Kwa hiyo yale macho matamu hayakuwa yangu. Na mbaya zaidi, sikuwa na haki ya kukasirika. Unamwoneaje wivu maiti? Tena maiti uliyemwosha nywele kwa mikono yako?

"Sasa niambie," nikamuuliza, "unanitaka mimi, au unataka harufu?"

"Usiseme hivyo."

"Nijibu. Maana nikikaa humu, nitavaa aproni yake, nitakaanga vitunguu vyake, nitakuwa naongea kama yeye ili unitazame vile. Na nitafanya, wallahi nitafanya, kwa jinsi ninavyokupenda. Halafu nitajichukia."

Kabla hajanijibu, Mama alikuwa mlangoni.

"Baba, toka," akamwambia. "Nenda kamsikilize mama yako mdogo, anatafuta wa kumsema. Niachie huyu."

Fundi akatoka. Mama akavuta stuli iliyokuwa kando ya friji, akaikalia. Nilitaka kumwambia kwamba hiyo ni yangu, badala yake nikakaa hapo hapo sakafuni, na gauni langu la kijani na mafuta yake.

"Alipokuwa anaunguza vitunguu vyangu," Mama akaanza, "alikuwa anaongea na nani?"

"Na mimi, Mama."

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Nisamehe."

"Miaka yote namgombeza mwanangu, kumbe mwenye kosa amekaa kwenye stuli." Akacheka kidogo, kicheko cha pua, kikageuka kilio, akakituliza. "Alikuwa anacheka?"

"Sana. Mpaka anashika meza."

"Hata alipougua?"

"Hata alipougua. Siku akiweza kusimama."

Mama akapokea hilo, akakaa nalo. Kisha akanikazia macho yale ya mkunga. "Unampenda mkwe wangu?"

Nilijua jibu lililo salama. Ningesema tunasaidiana, tunafarijiana, umri unaenda. Lakini macho yale hayadanganyiki.

"Nampenda, Mama. Na naona haya. Nikicheka humu ndani, naona nimemwibia. Nikila kwenye meza ile, naona nimemwibia. Leo nimempika kuku huyu nikidhani namlipa, kumbe nimekuumiza wewe. Ukisema hapana nitaondoka leo hii, na sitakulaumu."

"Mwanangu angekuwa hai, ungemtaka huyu?"

"Hapana! Alikuwa ananichosha. Habari zake zote ni mabomba."

Lilinitoka kabla sijalipima. Mama akaangua kicheko kikubwa, mpaka Mama Mdogo akauliza huko sebuleni kuna nini. Nami nikacheka, nikaziba mdomo kwa woga, nikaona Mama anauona mkono ule ulioziba mdomo.

"Unaona unavyofanya?" akasema taratibu. "Umecheka, ukajikamata kama mwizi. Sikiliza. Hukuiba. Ungeiba ningekujua, nimewapokea watoto wa wezi wengi. Lakini usidhani kwamba kwa sababu hukuiba, mimi haiwezi kuniuma. Inaniuma. Nikikuona umekaa pale alipokaa, inaniuma hapa." Akagusa chini ya titi la kushoto. "Hilo huwezi kulipika likaisha."

"Ndiyo, Mama."

"Inuka. Sakafu ni baridi."

Walimaliza kula. Namshangaa Mama mpaka leo: alikula sahani yote, vitunguu vyote. Mama Mdogo naye aliongeza mara mbili, akisema kila mara kwamba ni kwa sababu ya kutotupa chakula.

Wakati wa kuondoka Mama alisimama mlangoni akivaa viatu, mkono wake begani kwa Fundi. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Neno lilikuwa bado halijatoka, na sote tulilisubiri.

"Nilikuja na neno moja hapa mdomoni," akasema, "na neno lenyewe ni hapana. Narudi nalo nyumbani, sijalisema. Msiniombe zaidi ya hapo leo."

"Asante, Mama," Fundi akasema.

"Jumapili ijayo nakuja tena."

"Tena?" Mama Mdogo akageuka.

"Tena. Na wewe binti." Akaninyooshea kidole. "Usinipikie chakula cha mwanangu. Mwanangu amekufa. Nipikie chako."

Hakuna aliyewahi kulitamka hivyo ndani ya nyumba ile. Tulikuwa tunasema ametutoka, ametangulia, amepumzika. Fundi akafumba macho, na alipoyafumbua alinitazama mimi, mimi mwenyewe, na plasta zangu na nywele zinazonuka moshi. Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayejitahidi kuona.

"Mama, mimi chakula changu..." nikaanza.

"Nini?"

"Mimi najua kukaanga mayai tu. Na mara nyingine yanashika chini."

"Basi tutakula mayai," Mama akasema, "yaliyoshika chini." Akaanza kushuka ngazi, mdogo wake nyuma yake akilalamika habari ya mayai.

Nilisimama pale mlangoni nikilia, na Fundi akanishika mkono. Tangu Kasuku afe nimelia mara nyingi, na siku zote nilimlilia yeye. Siku ile ndiyo ya kwanza kujililia mwenyewe, na hata machozi yale niliona nimemwibia.